Nilijipeleka Fizi kwa Baiskeli

Gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli ina harufu inayochoma pua kwanza, halafu inageuka tamu, utamu wa kutia kizunguzungu. Hapa Baraka, pembeni ya soko, kuna fundi anayefanya kazi chini ya turubai, na kila ninapopita akiwa amepaka gundi ile na anaipuliza ikauke, miguu yangu hupunguza mwendo bila kuniomba ruhusa. Juzi aliniuliza kama nataka kununua baiskeli. Nikamwambia hapana, napumzika tu. Ningemwambia nini? Kwamba amenirudisha uani kwa baba, nina miaka kumi na miwili, nimechuchumaa nikishikilia kiraka kwa vidole viwili, na baba ananiambia nigeuze uso nisivute ile harufu?

Ninyi nitawaambia, kwa sababu nyumbani kwetu habari hii husimuliwa kwa kifupi mno. Wao husema, "Ile mwaka Riziki alienda kwa koko." Koko ndiye bibi, kwa sisi wa huku. Husema hivyo kana kwamba niliamka siku moja nikajisikia hamu ya kwenda. Mimi nina maneno mengi zaidi ya hayo sita, na nimeyanyamazia muda mrefu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na alipenda vitu viwili vilivyomfanya achekwe na majirani: historia na mwendo wa polepole. Tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania kwa boti nikiwa mdogo, na katika mizigo yetu kulikuwa na baiskeli mbili. Moja kubwa, nyeusi, ya baba. Nyingine ndogo, ya kijani, isiyo na chuma cha juu, ambayo ilikuwa ya mama. Mama alianguka nayo mara moja tu, mbele ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na wauza ndagala wa Baraka si watu wa kuanguka mbele yao. Walimcheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo hakuigusa tena, nikairithi mimi kabla miguu yangu haijafika vizuri kwenye pedali.

Ukutani kwetu palikuwa na kalenda ya Ufaransa, ya mwaka uliokwisha kupita siku nyingi, ambayo baba aliiokota siku padri mmoja alipokuwa akisafisha ofisi yake. Hatukuitumia kwa tarehe. Tuliitumia kwa picha ya mwezi wa sita: mume na mke wenye mvi, juu ya baiskeli nyembamba, wanapita katika kijiji cha nyumba za mawe. Kanisa dogo nyuma yao, maua madirishani, barabara tupu, hata mbuzi hakuna. Chini paliandikwa Kifaransa ambacho baba alinifundisha kukisoma, kwamba huko mtu anaweza kuendesha baiskeli katika mashamba tulivu na vijiji vya kihistoria. Baba alikuwa akisimama mbele ya picha ile na kikombe chake cha chai, akitikisa kichwa.

"Unaona aba bazungu?" aliniambia mara nyingi. "Banatoka mbali, banapanda kinga siku muzima, juu ya kuangalia tu vijiji ya zamani. Siye tuko nayo hapa, tunapitaka mbio, macho chini."

Kinga ndiyo baiskeli. Nilimuuliza kama vijiji vyetu navyo ni vya kihistoria, naye akaniangalia kwa masikitiko, jinsi alivyowaangalia wanafunzi waliosema mto unapanda mlima. Kisha akaniahidi. Nikishinda mtihani wa kumaliza darasa la sita, tutapanda mimi na yeye kutoka Baraka mpaka Fizi kwa koko, polepole, tukisimama kila mahali penye habari, kama wale wa kwenye kalenda.

Sikuwa mtoto wa akili nyingi sana, nawaambia ukweli, lakini mwaka ule nilisoma mpaka mama akawa ananinyang'anya daftari ili nile. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa shule, na hiyo ni habari nyingine.

Wiki ya kabla ya safari, watu wa nyumbani walinipenda kupita kiasi. Mama alinipa samaki wa mukeke mzima peke yangu, kichwa na mkia, na wadogo zangu wakagawana mmoja bila kulalamika. Nilivunja sahani, sikusemwa. Jioni moja mdogo wangu Neema, aliyekuwa na miaka minane, akaniuliza kama anaweza kulala upande wangu wa ukutani. Nikamwambia alale, mimi nitarudi kesho kutwa. Mama akamkata jicho, Neema akainama, na hakuna aliyecheka. Nilidhani wananionea wivu. Nilifurahia wivu wao kwa moyo wangu wote.

Asubuhi ya kuondoka, baba alitoa ndani gunia lililokwisha kushonwa mdomo kwa kamba. Akasema ni unga wa koko. Kufunga mizigo ilikuwa kazi yangu. Mipira iliyokatwa kutoka tyubu za zamani niliijua kuivuta na kuipitisha kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na mzigo niliofunga mimi haukuwahi kulegea. Basi nililiweka gunia nyuma ya baiskeli ya baba, nikalikalia ili lilale vizuri, nikasikia kitu kigumu ndani.

"Iko nini ngumu hivi mu bunga?" nikauliza.

"Sabuni ya koko yako," baba akasema.

Mama akaingia ndani ya nyumba. Nikavuta mipira, nikazungusha mara nne, nikafunga mafundo yangu mazuri, na baba akayajaribu kwa mkono akasema, "Hii haitaanguka." Nilijisifu moyoni. Mama alitoka macho mekundu, akasema ni moshi, akanifunga kitambaa kichwani ingawa nilikuwa nimeshafunga kingine.

Tulitoka Baraka jua likiwa bado upande wa ziwa, chini, na rasi ya Ubwari imelala ng'ambo, ndefu, ya bluu. Barabara ya asubuhi ni nzuri. Vumbi bado limelala kwa umande, na unasikia mambo ambayo baadaye pikipiki huyafunika: mchi kwenye kinu, jogoo, mnyororo wa baiskeli yako mwenyewe. Tulipita mashamba ya mihogo, tukapita michikichi, tukakutana na wanaume wanaoteremka na bidoni, madumu ya mafuta ya mawese, sita sita, wakisukuma baiskeli zao huku wamezikumbatia ubavuni. Kila mmoja tulimsalimu, naye akaitika bila kusimama, kwa sababu mzigo ule ukisimama kuuanzisha tena ni kazi. Nilikuwa mbele. Baba alinipa ruhusa ya kuwa mbele, na nilikuwa nikigeuka kila mara kuhakikisha bado ananifuata.

Pikipiki za kwenda Misisi zilianza kutupita jua lilipopanda, watu wawili au watatu nyuma ya dereva, makarai na sururu zao zimefungwa juu, wakikimbilia dhahabu. Mimi nami nikawa naongeza mwendo kila zinapopita, mwili wote unataka kushindana.

"Polepole, mama," baba akaita. "Leo hakuna mwenye anatufukuza."

Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Riziki ni jina la koko, na kwa baba yangu mimi nilikuwa mama yake wa pili. Na maneno yale ya kutofukuzwa alikuwa akiyasema tangu turudi kutoka kambini. Kwetu safari ndefu zote zilikuwa za kukimbia. Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza ambayo mtu aliipanga kwa furaha, au mimi nilidhani hivyo.

Tulisimama kwanza kwenye ghala la pamba la zamani. Kuta za tofali nyekundu zilikuwa bado zimesimama, paa hakuna, na ndani watu walikuwa wameanika mihogo. Baba akashika tofali moja kwa kiganja akanieleza: hapa babu zetu walilazimishwa kulima pamba, wakaileta migongoni, na asiyefikisha kipimo alichapwa palepale mlangoni. Nami nikashika lile tofali. Lilikuwa na joto la jua, na nilijisikia mtu mkubwa aliyekabidhiwa jambo. Nje ya ghala aliketi fundi mmoja mwenye pampu, mtu aliyefahamiana na baba toka zamani. Wakati mimi nachungulia mihogo, wao walisimama kando wakazungumza kwa sauti ya chini. Fundi akaja akaizunguka baiskeli yangu, akaitazama kutoka gurudumu mpaka gurudumu.

"Ya kijani," akasema.

"Ya kijani," nikamjibu kwa maringo, kana kwamba niliipaka rangi mimi.

Kituo cha pili kilikuwa Mukera. Hapo baba alinionyesha lubunga, kile kibanda cha wazi cha wanaume ambamo sisi Wabembe tuna desturi ya kukutania: wanaume hula pale, hupiga soga pale, na mashauri ya ukoo hukatwa pale. Nguzo zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, na viti vilikuwa vimechongwa kwa namna ambayo mtu hawezi kusinzia vizuri. Baba akanieleza kwamba ndoa, mashamba, magomvi, watoto, vyote huamuliwa chini ya paa la namna hiyo, maneno yakizunguka mpaka yalingane.

"Na bamama?" nikauliza.

"Banaambiwaka kisha," baba akasema.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kuwasema wanaume, na baba akageukia upande wa barabara, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Hapo Mukera tulipokelewa na mama Anjela, binamu wa baba, mwanamke mnene wa sauti nzito, aliyetupa viazi vitamu na maji. Baada ya kula akaniletea kuku jike, mweusi mwenye madoa meupe, hai kabisa na mwenye hasira.

"Twaa, mutoto," akasema. "Utaanza nayo."

Kwetu kuku wa namna hiyo hupewa mtu anayeanza maisha mahali: bibi harusi, au familia iliyohamia. Kila mtoto wa Fizi anajua. Na mimi nilijua. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mtihani, kwa hiyo nikaelewa kwamba nimekuwa mkubwa, ninaanza shule ya sekondari, ninastahili kuku. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mtu anayejipenda. Nikamshukuru kwa magoti yote mawili, nikaenda kumfunga kuku kwenye usukani, miguu juu, kichwa chini. Ilinichukua muda kwa sababu alikuwa ananidonoa. Nilipomaliza, baba na mama Anjela walikuwa wamesimama pamoja kwenye pembe ya nyumba, na mama Anjela alikuwa ameshika mdomo wake kwa mkono.

Mahali pa tatu palikuwa kanisa dogo la tofali, chini kidogo ya pale mlima unapoanza kwa nguvu. Kengele yake ni rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Baba akanieleza ni nani waliochoma tofali zile na walitoa wapi udongo, kisha akaniambia nimsubiri na baiskeli, akaingia peke yake. Alikaa ndani muda mrefu. Nilichoka kusubiri, nikaokota chuma nikaigonga ile rimu mara moja, ikalia bonde zima, na kuku wangu akapiga kelele. Baba akatoka akijipangusa uso kwa shati. Nilisubiri anigombeze, hakunigombeza.

Kisha tukapanda. Wanaoijua njia ile wanajua: udongo mwekundu, mifereji ya mvua katikati, kona baada ya kona. Kila nilipochoka nilishuka nikasukuma, lakini kwenye kila kipande kilicholala kidogo nilipanda tena, nikasimama juu ya pedali, jasho likiniingia machoni. Baba aliniuliza mara mbili kama anisaidie kusukuma. Nilikataa. Nilitaka siku moja niwaambie wengine kwamba nilifika Fizi bila mtu kugusa usukani wangu. Yeye alikuwa nyuma sana, amelilalia lile gunia, na nilimhurumia, nikafikiri baba yangu anazeeka.

Kwenye kona ya juu akaniita nisimame. Kutoka pale unaona chini kote, bonde, mabati ya vijiji tulivyopita, na mbali kabisa ziwa.

"Angalia muzuri, mama," akasema.

Niliangalia vizuri. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu niliyokuwa na furaha kiasi kile.

Fizi kuna baridi kidogo ukitoka kandokando ya ziwa, na hewa ina harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Koko alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mfupi, tumbako puani, amevaa kitenge kipya. Alikuwa mjane, na tangu turudi alikataa kushuka Baraka kukaa nasi. Alisema huko chini kuna joto na kelele na watu wasiosalimia. Alinishika mashavu akaniita mwenzake. Akampokea kuku, akampima uzito kwa mkono, akasema, "Muzuri, atataga hapa." Kisha akageukia gunia. Nikafungua mafundo yangu mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyeyaweza.

Koko alikata kamba ya mdomo kwa kisu. Akaingiza mkono. Ikatoka sketi yangu ya bluu ya shule. Ikatoka blauzi nyeupe, ikiwa imekunjwa na mama, namjua anavyokunja. Yakatoka madaftari, blanketi langu, kandambili, na kile kikombe changu cha bati chenye alama ya meno ukingoni. Kile ndicho kilichokuwa kigumu. Unga haukuwamo hata kikombe kimoja.

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli yake, anatia upepo kwenye gurudumu ambalo lilikuwa limejaa.

"Baba, nguo zangu zinafanya nini hapa?"

"Utabakia kidogo na koko."

"Kidogo ni siku ngapi?"

Aliendelea kupampu. Koko ndiye aliyesema, kwa upole, kwamba nitasoma hapa, shule ya masista iko karibu, na kwamba mtu anayebeba jina la mtu hamwachi mwenzake azeeke peke yake. Sikulia. Nawaambia ukweli, sikulia, nilikuwa na kazi kubwa ya kuhesabu: mukeke, sahani iliyovunjika, Neema na upande wa ukutani, moshi wa mama, kuku. Kila kimoja kilikuwa kinageuka na kunionyesha uso wake wa upande wa pili. Watu wote walijua. Mtoto wa miaka minane alijua. Mimi niliyekuwa wa pili shuleni nilijifungia mzigo wangu mwenyewe, nikaukalia ukae vizuri, nikajiendesha mwenyewe njia nzima nikikataa msaada.

Asubuhi baba aliniambia atakaa siku mbili, tutembee, kuna majengo ya zamani ya utawala anataka kunionyesha. Koko akanituma kisimani na mtoto wa jirani. Niliporudi na bidoni kichwani, ukuta wa nyumba ulikuwa mtupu pale zilipoegemea baiskeli, zote mbili. Niliitua bidoni, maji yakamwagika, nikakimbia mpaka mahali njia inapopinda. Nilimwona chini, mbali. Alikuwa amepanda ile nyeusi, mkono mmoja kwenye usukani wake, mkono mwingine ameshika usukani wa baiskeli yangu ya kijani, ikikimbia tupu ubavuni mwake. Nilimwita. Sauti inafika sana kule milimani, kwa hiyo najua ilifika. Hakugeuka.

Nikamfuata. Nilikuwa na kandambili na hasira, na njia niliijua, yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kona kwa kona, kwa habari na majina. Nilishuka mlima wote kwa miguu, nikapita kanisa, nikakanyaga lile bonde jua likiwa utosini. Kandambili moja ilikatika, nikaitupa, kisha nikaitupa ya pili ili miguu ilingane. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nitafika Baraka, nitasimama mlangoni, sitasema neno, waone aibu.

Nilipofika Mukera mama Anjela alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya barabara, amepeleka kazi yake pale, anachambua maharage. Aliniona kwa mbali akainuka, akasimama katikati ya njia mikono imetanuka, kama wanavyozuia mbuzi.

"Baba yako aliniambia utapita," akasema. "Lakini sikuwaza ni leo hii."

"Alikuambia saa gani?"

"Ile saa ulikuwa unafunga kuku."

Hapo ndipo nililia. Kumbe hata vijiji vyake, hata historia yake. Nilimkumbuka yule fundi wa ghalani akiizunguka baiskeli yangu na kuisoma rangi ili anitambue nikitoroka, na mimi nikimjibu kwa maringo. Kila mahali tuliposimama kushika tofali, baba alikuwa anafunga mlango nyuma yangu. Mama Anjela alinipa maji, akaniosha miguu kwa mikono yake, akanilaza, na kesho yake akanisindikiza kwa miguu mpaka kwa koko, pumzi zikimwishia kwenye kila kona. Hakunisema hata kidogo. Alinibembeleza njia nzima, na mimi sikumjibu, maana yeye naye alikuwa mmoja wao.

Nilikaa kwa koko miaka sita. Msije mkafikiri nilitendewa vibaya. Koko alinifundisha kulima, kutania wakubwa bila kuchapwa, kujua mvua kwa harufu. Tulilala kitanda kimoja na alikoroma kwa ufundi. Alipofariki nililia kuliko watoto wake wote. Baba alikuja kila likizo, kwa pikipiki, na zawadi. Alifika saa nne akaondoka saa tisa. Tuliongea kuhusu masomo. Nilimwita baba kwa heshima zote, nikamletea maji ya kunawa, nikakaa mbali naye. Baadaye nilikuja kujua kwamba shauri lenyewe lilikatwa na ndugu zake wakubwa kwenye lubunga yao miezi miwili kabla ya mtihani. Koko alikuwa ameomba apewe mjukuu mwenye jina lake akae naye. Baba alikuwa mdogo kati yao, na aliambiwa anipeleke.

Kwa miaka mingi nilielewa hivi: mtoto wa kike ni mzigo unaofungwa nyuma, neno lake halina uzito, kwa nini mtu asumbuke kumuuliza? Uelewa huo ulikuwa unauma, lakini ulikuwa rahisi. Nilijenga maisha yangu juu yake. Nilirudi Baraka, nikaolewa, nikapata binti wangu.

Mwaka jana, mchana mmoja, tulikuwa uani kwa baba, mimi na yeye tu, tunabangua karanga kwenye ungo. Amestaafu, mikono yake inatetemeka kidogo, na maganda mengi yalikuwa yanarudi kwenye karanga. Sikuwa nimepanga kuuliza. Swali lilitoka kama lilivyotaka.

"Baba, juu ya nini haukuniambia?"

Hakuuliza ni kuhusu nini. Alibangua karanga tatu, nne.

"Kama ningekuambia, ungekatala," akasema.

"Ndiyo. Ningekatala."

"Njo vile. Ungekatala, na mi ningekusikiliza. Ningerudi kwa bakubwa, niwaambie Riziki amekatala, basi. Najijua." Akainamia ungo. "Haukuwahi kuniomba kitu nikakunyima. Njo ilifanya niogope kukuuliza."

Nilidhani maneno hayo yatanipoza. Mtu mwingine yangempoza, maana si kila binti huambiwa na baba yake kwamba alipendwa kiasi hicho. Mimi nilikaa pale, karanga mkononi, nikasikia jambo zima linaanza upya na linauma mahali papya. Neno langu halikuwa jepesi. Lilikuwa na uzito kuliko la kaka zake wote, lilikuwa linatosha kunirudisha nyumbani siku ileile, na baba alilijua hilo kila tulipokaa kula pamoja wiki ile nzima. Kwa hiyo alihakikisha halitamkwi. Aliyedhani sina sauti ningeweza kumsamehe, angekuwa hajui. Huyu alijua.

Nikamsogezea ungo, nikamwambia achambue maganda yake vizuri, nami nikaendelea kubangua.